Bamvua la Mto Wetu

Kaka yangu alichomeka vigingi vinne kwenye shamba la chini, akafunga kamba kuvizunguka, akamsimamisha mama katikati ya ule mraba kana kwamba tayari ni sebule, akapiga picha na kunitumia. Ilinifikia saa ya chakula, nikiwa kantini ya kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hoteli, Al Qusais, Dubai, mbele ya wali na dengu. Chini ya picha aliandika: "Mama amechagua mwenyewe. Msingi tunachimba kabla ya mvua."

Niliikuza picha kwa vidole. Mama alikuwa anacheka, mkono mmoja kiunoni, lakini macho yangu yalikwenda nyuma yake. Nyuma yake palikuwa na matete, na nyuma ya matete palikuwa na mto.

Nyumba ya zamani ilishachoka. Mchwa walikula milango, ukuta wa nyuma ukalala chini msimu mmoja wa mvua, na tangu hapo mama analala chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yangu. Hapendi. Anasema mke wa kaka ni mtu mwema, ila jiko haliwezi kuwa na wanawake wawili wenye maoni. Alitaka kwake. Sote tulikubali apate kwake. Mimi nilichokuwa nakitazama kwenye ile picha ni kwamba mama angelala hapo peke yake, na mvua kubwa za kwetu hunyesha usiku.

Ni mto mdogo. Kwenye ramani ya simu ni uzi wa buluu usio na jina, magharibi kabisa mwa Tanzania, unaotoka vilimani na kuishia Ziwa Tanganyika. Wenyewe tuna majina yake, na kila kipande kina lake. Nayageuza hapa kwa Kiswahili. Watu wa vilimani, kwenye chanzo, wanauita Mweupe, kwa kuwa kwao maji hupita juu ya changarawe na mtu huona vidole vyake vya miguu. Watu wa mdomoni, unapoingia ziwani, wanauita Mto Mchanga, kwa ule mzigo unaoushusha huko. Sisi wa katikati tunauita Mto wa Kinu.

Kinu chenyewe sikukiona kikifanya kazi. Kilikuwa cha kusagia mahindi, kikizungushwa na maji, na kilikufa dizeli ilipofika. Gurudumu la mbao lilichomwa kuni. Jiwe la kusagia halikuwa na mtu wa kulibeba, likabaki pale pale mteremkoni, pana kama meza, na kizazi cha mama kikaligeuza jiwe la kufulia. Nilijifunza kufua juu yake, kwa maji ya ndoo. Kila siku napitiwa na mashuka meupe ya vitanda ambavyo sitavilalia, yakizunguka kwenye mashine zenye ukubwa wa chumba, na bado mikono yangu inajua kona ile ya jiwe iliyolika, mahali pa kusugulia kola.

Mto ule ulifanya kila kitu. Wanaokamua mawese walichota hapo maji ya kuchemshia chikichi, na siku za kukamua mto ulipita na rangi ya machungwa kwenye kingo. Wafyatua tofali walichimba udongo wake. Ng'ombe walikunywa chini ya daraja la barabara kuu, na kanisa lilibatiza upande wa juu wa daraja, kwa makubaliano ya zamani ambayo ng'ombe hawakuyaheshimu sana. Na mama, kama wanawake wote wa kwetu, aliloweka mihogo. Unachimba shimo ukingoni, maji ya mto yanaingia taratibu, unapanga mihogo iliyomenywa, unafunika majani ya mgomba na mawe. Ikilainika unaianika, unaitwanga, unapata unga mweupe ambao hakuna ugali wa duka unaoufikia. Mashimo ya mama yapo shamba la chini. Ndiyo maana alichagua pale.

Kuhusu maji yenyewe: kwetu mwaka una msimu mmoja mrefu wa mvua. Kiangazi, mto hufika kifundo cha mguu, na mtu huvuka kwa mawe akiwa amevaa soksi. Mvua za kwanza huuleta ukiwa na rangi ya chai na harufu ya majani makavu. Kisha unapanda: goti, paja, kiuno. Kuelekea mwisho wa msimu ni kifua, na hapo watoto hupigwa kwa kuukaribia. Kuna miaka ambayo haukuishia kifuani. Mwaka mmoja wa utotoni mwangu mto ulitoka kabisa kwenye mkondo wake, ukaja shambani, ukasimama kwenye mchikichi mmoja uliopinda. Baba alikwenda asubuhi kuugusa ule mchikichi kwa kiganja, mahali maji yalipofika, na tangu siku hiyo ukawa mpaka. Chini yake ni pa mto, juu yake ni petu.

Vigingi vya kaka vilikuwa juu ya mchikichi.

Chumba chetu cha wafanyakazi tunalala wanne. Anayelala chini ya kitanda changu ni mwanamke wa pwani ya kusini ya Kenya, jirani na mpaka, anayefanya kazi upande wa mashine ya kupigia pasi mashuka. Jioni ile alikuwa anajipaka mafuta miguuni nami nimekaa sakafuni na simu.

"Mto huu utaninyima usingizi," nilisema.

"Badilisha foronya," alinijibu bila kugeuka. "Leo nimezipiga pasi za kutosha Dubai nzima."

Nikamwonyesha picha. Akaiangalia, akasema mama yangu mzuri, nimerithi kwa nani basi? Kisha nikamsikilizisha ujumbe wa sauti wa kaka yangu, aliokuwa ameutuma baada ya mimi kuandika neno moja tu, "Hapo?"

"Dada, usianze," kaka alisema kwenye simu, na kuku wakasikika nyuma yake. "Mwaka ule wa maji makubwa, marehemu baba akiwepo, maji yalijaa mpaka kwenye mchikichi uliopinda. Hayakuvuka. Sisi tuko juu ya mchikichi. Khalas, kama mnavyosema huko."

Mwenzangu aliinua kichwa. "Yakajaa mpaka hapo. Yakapwa saa ngapi?"

"Nini?"

"Maji. Yalijaa, sawa. Yakapwa saa ngapi?"

Nilicheka mpaka yule Mganda wa kitanda cha pili akavua vidude vya masikioni kuuliza kuna nini. "Shoga, ule ni mto," nilimwambia. "Mto haupwi. Maji yake yanakwenda upande mmoja tu."

"Ati haupwi. Kwa hiyo yakijaa hukaa huko huko juu mpaka Kiyama?"

"Hapana, yanapungua."

"Ndiyo kupwa hiyo! Nyinyi watu wa bara mwapenda kuzungusha maneno." Alifunga kopo la mafuta. "Sikiza. Kwetu mtu hakwambii bahari imejaa akanyamaza. Akwambia imejaa, saa fulani yapwa, na ni bamvua au ni maji mafu. Asipokwambia hayo hajakwambia kitu. Amekwambia baharini kuna maji."

Neno bamvua nililijua kwa kulisikia tu. Akanieleza, kwa sababu utotoni alikwenda mwambani na mama yake kuokota chaza na kuchokoa pweza. Kuna siku za mwezi, alisema, bahari hujaa kupita kiasi chake na kupwa kupita kiasi chake. Hizo ndizo siku za bamvua. Aliyejenga kwa kutazama maji mafu, yale ya siku bahari isipojaa sana, bamvua likija hukuta samaki jikoni.

"Huyo nduguyo akupa maji mafu," alisema akijilaza. "Muulize bamvua la huo mto wenu. Na uliza lakaa muda gani."

Nilikuwa bado natabasamu nilipopanda kitandani kwangu, lakini swali lilikuwa limeshaingia. Tangu utoto wangu, watu wote waliozungumza juu ya maji yale walisema yalifika wapi. Sikukumbuka mtu aliyewahi kusema yalikaa muda gani.

Na nilikuwa nimeona mwenyewe tofauti yake, hapa hapa jangwani. Ile mvua kubwa ilipoipiga Dubai, maji kwenye lango la kiwanda chetu hayakunitisha kwa urefu. Yalifika magotini tu. Kilichonishangaza ni kwamba mvua ilikatika, jua likatoka, anga likawa safi kama kioo, na maji yakabaki. Barabara ni tambarare na hayakuwa na pa kwenda. Magari ya kufyonza yalikuja na mipira yao kuyanywa kidogo kidogo, na basi la kampuni lilitushushia mbali, tukavuka na viatu mkononi. Ukuta wa stoo ya sabuni, uliostahimili mvua yenyewe, ulianguka baada ya siku za jua, msingi wake ukiwa bado majini.

Kabla ya kuja huku nilisoma habari kwenye redio ndogo ya jamii kule nyumbani. Mkuu wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiimba: ukisikia jambo kwa mtu wa katikati, mtafute wa mwanzo na wa mwisho. Sisi wa Kinu ndio watu wa katikati. Wa mwanzo na wa mwisho, kwa bahati, nilikuwa nao Dubai.

Wa mwanzo ni dada mmoja anayefanya kazi za ndani Al Warqa. Tulisali kanisa moja mwaka mzima, yeye akisifu Mweupe wake na mimi nikisifu Mto wa Kinu, tukibishana ni upi una maji matamu, mpaka siku aliposema jinsi mto wao unavyopita chini ya daraja la barabara kuu, lile lenye ukingo mmoja uliogongwa na lori. Tulitazamana. Tulikuwa tunabishana juu ya maji yale yale.

Siku yangu ya mapumziko nilimfuata. Madam wake alikuwa amempa ruhusa ya kuwapeleka watoto kwenye bembea karibu na villa, kwa hiyo tulizungumza tukiwa tumesimama, yeye macho yakiwa juu ya watoto.

"Yalla, shuka hapo! Pole pole!" aliwaita, kisha akanigeukia. "Msitu wa kule juu, dada? Upande wa mashariki umekwisha. Watu wamelima mpaka kwenye chanzo. Tena nisiseme watu. Sisi kwetu tumelima pia."

"Zamani mvua ikinyesha kwenu mchana," nilimwuliza, "kwetu tulikuwa tunaona maji kesho yake asubuhi. Sasa?"

"Kesho yake!" Alicheka. "Mama yangu anasema siku hizi ikinyesha mchana, kabla hajaanua nguo mto umeshageuka. Mwekundu, na unanguruma. Ule siyo Mweupe tena. Tunauita hivyo kwa heshima tu, kama mzee mnene aliyeitwa Kijiti utotoni."

Mtoto mmoja alianguka, yule dada akakimbia kumwinua, na hapo mahojiano yakaisha. Nilikuwa nimepata nusu yangu. Maji sasa yanakuja haraka kuliko yale baba aliyoyapima kwa kiganja.

Wa mwisho ni kaka mmoja wa mdomoni kabisa, mwashi, anayeishi kwenye majengo ya wafanyakazi Muhaisnah. Tulikutana nje ya duka la vyakula, pale wanaume wanapokaa kwenye makreti Jumapili na chai ya maziwa kwenye vikombe vya karatasi. Alinikaribisha kreti lake na kubaki amechuchumaa.

"Karibu, mtu wa juu," alisema. "Nyinyi ndio mnaotuletea mchanga. Tunashukuru, tunajengea."

Nilimwuliza habari za msimu uliopita. Hakunijibu moja kwa moja, alianza na ziwa.

"Ziwa limepanda miaka hii. Unajua? Dada yangu alikuwa anaanika dagaa mbele ya nyumba. Sasa dagaa wanakuja wenyewe mpaka barazani, kazi imerahisishwa." Wenzake walicheka, walikuwa wameshausikia utani huo. Kisha akaweka kikombe chini, na akaeleza kwa mikono, mmoja ukiwa mto na mwingine ziwa. "Zamani mto ukifika, unaingia. Mlango uko wazi. Sasa unafika unakuta ziwa limekaa mlangoni, na mchanga wenu umejipanga vizuri kama kizingiti. Mto unagonga. Haufunguliwi. Unafanya nini?"

"Unarudi."

"Unarudi na kukaa. Mgeni aliyenyimwa mlango haondoki, anatandika jamvi nje."

"Unarudi mpaka wapi?"

"Msimu uliopita? Mpaka darajani. Niliambiwa ng'ombe hawakunywa pale mpaka mvua zilipokwisha, palikuwa na kina."

Shamba letu la chini linaanzia darajani kwenda chini.

Nilirudi kwa basi nikiwa na mto mzima kichwani kwa mara ya kwanza maishani, kutoka chanzo hadi mdomo, nikiutazama kupitia dirisha lenye vumbi. Ulikuwa unakuja mbio na kuondoka kwa kujivuta. Mchikichi wa baba ulisema kweli, lakini kuhusu mto mwingine, uliopita mahali hapo hapo miaka hiyo.

Kaka nilimpigia kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

"Umefanya mkutano wa mto, Dubai," alisema.

"Nimefanya."

"Mna mto huko?"

"Kuna ghuba inaingia katikati ya mji. Inajaa na kupwa kila siku."

"Haya. Mama anasema amechagua. Wewe mwambie huo mkutano wako, mimi nina msingi wa kuchimba." Lakini kabla ya kukata akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mwambie vizuri. Ameshaanza kuwaonyesha watu dirisha litakaa wapi."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mama alikuwa ameshapanga dirisha.

Nilimpigia kwa video Jumapili iliyofuata alasiri, ametoka kanisani na kilemba chake bado kichwani. Alikuwa ameishika simu chini, nikawa naona kidevu chake na dari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia umenizuia kujenga."

"Sijakuzuia. Nataka kukuuliza."

"Wewe huulizi, unahoji. Tangu ile redio."

"Kwa nini pale, mama?"

Simu ikashuka zaidi, nikabaki na ukuta. "Nimebeba maji kichwani tangu sijang'oa meno ya utoto," alisema. "Nimepanda ule mlima na ndoo nikiwa na mimba yako, nikaupanda na wewe mgongoni. Sasa magoti yamekataa. Ninataka, mara moja katika maisha yangu, maji yawe jirani. Niamke, nifungue dirisha, niseme hodi, yaseme karibu. Wewe umekaa jangwani, unataka kunifundisha mto?"

Nilikuwa nimeyapanga ya Al Warqa na ya Muhaisnah kwa utaratibu, la kwanza, la pili. Niliyaacha. Nikakumbuka swali la mwenzangu.

"Nifundishe wewe," nilisema. "Msimu uliopita maji yalipoijia mihogo yako shimoni, yalikupwa lini?"

"Yali-nini?"

"Yalipungua lini?"

"Yale?" Simu iliinuka, nikamwona uso. Alikuwa anakumbuka. "Zamani yalikuwa yanakuja usiku, asubuhi yameondoka. Unakwenda kuokota mihogo yako kwenye matete, ya kwako na ya jirani, mnagombana ipi ya nani. Ninyi watoto mlipenda." Akacheka kidogo. "Msimu uliopita nilikwenda asubuhi, maji. Kesho yake, maji. Wala hayaendi. Yamesimama, na povu juu kama ya sabuni. Nikasubiri Jumapili. Ibada ikapita, yapo. Nilikuja kuikuta mihogo imeoza, inanuka mpaka mchungaji akafunga madirisha."

"Na vigingi vya kaka viko juu ya mashimo?"

"Juu."

"Juu kiasi gani?"

"Juu kidogo. Goti." Kaka yangu alionekana akipita nyuma, akasimama. "Goti," mama alirudia, na safari hii hakuwa ananiambia mimi. Alitazama pembeni, nadhani kupitia mlango, upande wa bondeni. "Lile neno ulilosema ni lipi?"

"Kupwa."

"Hayakupwa," mama alisema.

Nilimwacha. Nimejifunza kazini na redioni kwamba mtu akishafika mwenyewe hahitaji kusukumwa. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeokoka. Ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa dirisha.

"Basi," alisema. "Nijengeeni kule juu, nikae kama mbuzi. Mtakuwa mnanitazama kwa chini."

"Mama, kinu kilikuwa wapi?"

"Kinu kimetokea wapi tena?"

"Waliojenga kinu walihitaji maji kuliko wewe. Mbona hawakukijenga tambarare?"

Aliyejibu ni kaka yangu, kwa nyuma, polepole. "Walikijenga mteremkoni. Walileta maji kwa mfereji."

Mfereji ule sote tuliuchezea. Unatoka kwenye mto mbali juu, penye mawe makubwa, unafuata mteremko kwa upole, na kufika kwenye jiwe la kusagia. Kinu kilipokufa nyasi ziliuziba, baba akapanda migomba ndani yake, nayo ikastawi kuliko yote. Hilo peke yake lingetosha kutuambia kwamba udongo wake bado unakumbuka maji.

"Ukifukuliwa," nilisema, "maji yatakuja mpaka kwenye jiwe. Unajenga upande wa juu wa jiwe. Unachimba mashimo yako ya mihogo pembeni yake. Na mto ukifura, unaziba mdomo wa mfereji kwa mawe, unalala."

"Na migomba ya marehemu?" mama aliuliza.

"Inahamishwa," kaka alisema, akipiga hesabu ya jembe usoni. "Dada, wewe unajua ule mfereji una urefu gani?"

"Najua."

"Na anayefukua ni nani? Mkutano wa Dubai?"

Lakini mama alikuwa ameshainuka. Simu ilitikisika, nikaona dari, mlango, mwanga mkali, kuku, kisha nyuma ya kanga yake na njia ya kuelekea kwenye jiwe. Hakukata simu. Nadhani alisahau kwamba nipo. Nilikaa kitandani Al Qusais nikimsikia akihema mteremkoni na kumwambia kaka yangu dirisha litazame huku, hapana, huku.

Walifukua. Kaka aliwaalika vijana wa kwaya, mama akawapikia, na ulipofika wakati wa kuondoa jiwe la mwisho juu kule, alinitumia video fupi ambayo naitazama bado: mfereji mkavu, wekundu mtupu, sauti za watu wanaopiga kelele mbali, halafu ulimi wa maji unakuja, ukisukuma majani makavu mbele yake bila haraka, kama mtu anayerudi nyumbani na kusalimia kila mlango. Nyumba ilipanda upande wa juu wa jiwe. Ina dirisha moja kubwa kuliko mengine.

Vigingi vilihamishwa vitatu. Cha nne, kile cha kona ya karibu na mto, mama alikataa kisiguswe. Alisema anataka kuona hilo bamvua nililomsimulia, la shoga yangu wa pwani.

Mvua za msimu huu zilipofika katikati, ujumbe wake wa sauti ulinikuta kantini, na mwenzangu wa chumba alikuwa amekaa mbele yangu akichambua miiba ya samaki. Niliuweka wazi tusikilize wote wawili.

"Mwanangu," mama alisema, na nyuma yake nilisikia vitu viwili: mngurumo wa mbali, na karibu yake maji madogo yakidondoka kwenye jiwe. "Mfereji nimeuziba, haya unayosikia ni masalia yake tu. Kigingi hakionekani. Tangu jana. Mchikichi wa baba yako umezama mpaka penye kupinda. Nimekaa dirishani nakunywa chai. Mwambie yule shoga yako wa pwani kwamba hili ni bamvua."

Mwenzangu aliweka samaki chini, akafuta mkono, akanyang'anya simu yangu na kubonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mama, shikamoo! Ni mimi mwenyewe. Pole na hongera. Sasa niambie, lapwa lini?"

Jibu lilirudi kabla hatujamaliza kula. Tulisikia kwanza akipuliza chai.

"Marahaba, mwanangu. Usiwe na haraka. Mimi nipo, siendi popote. Likipwa nitakwambia."